Rafu ya Wenye Adabu

Chuoni waliniita Mama Funguo. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mhudumu wa maktaba, na chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya chini, mlango wa mbao wenye kitasa kinachokwama. Humo ziliwekwa tasnifu, yaani vile vitabu vinene ambavyo wasomi wa shahada za juu huviandika wakimaliza utafiti wao. Kila kitabu kilikuwa na nakala moja tu. Ufunguo nao ulikuwa mmoja, ukining'inia shingoni mwangu kwa utepe mwekundu. Hata mkuu wa maktaba akitaka kuingia, alibisha hodi kwangu.

Shule yangu iliishia darasa la saba. Kiswahili nakisoma vizuri. Kiingereza nakisoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe: neno hili nalijua, yale mawili siyajui, lile nalijua. Lakini kufuta vumbi hakuhitaji Kiingereza, na vitabu vyangu vilikuwa safi kuliko sahani za watu wengine.

Kila kitabu kilikuwa na namba mgongoni, kwenye kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi. Unyevu wa kule chini ukavibandua vikaratasi. Namba zikadondoka moja moja, nami badala ya kuomba gundi nyingine, nikaanza kuvipanga kwa njia yangu. Wasomi waliokuwa wakinisalimu na kuniuliza hali za nyumbani, vitabu vyao niliviweka rafu ya juu, karibu na dirisha, pasipofika unyevu wala mchwa. Waliokuwa wakinipita kama wanapita ndoo ya kudekia, vyao vilikaa chini. Kuna mmoja hakuwahi kuitikia salamu yangu hata siku moja. Kitabu chake kililiwa na mchwa mpaka ukurasa wa mia na kitu. Nilimsikitikia, ila si sana.

Mwanzo kabisa wa rafu ya juu niliweka kitabu cha kijana wa maji.

Huyu alipokuwa mwanafunzi alikuja mtaani kwetu na kreti la chupa ndogo, akichota maji kisima kwa kisima. Alipofika kwetu, kwenye kile chenye mfuniko wa bati la bluu, akaniona ninafua.

"Mama Funguo! Kumbe hapa ni kwako?"

"Ulidhani nalala maktaba?"

Akacheka sana. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza, alimpa kigoda na chai. Kijana akajaza chupa, akabandika karatasi, akaandika namba tisa. Nikamuuliza anatafuta nini humo. Akasema, "Bado sijui, mama. Tukijua sisi, na nyinyi mtajua."

Karibu miaka miwili baadaye alinikabidhi kitabu chake kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga. Wiki iliyofuata akaenda kusoma ng'ambo, na huko akabaki. Mimi kitabu chake nikakivisha jalada la nailoni, kama tunavyoyavisha madaftari ya watoto. Hakuna kitabu kingine nilichokifanyia hivyo. Nilikuwa nikikifuta vumbi kila Jumatatu. Sikukifungua.

Mwaka ule ule alihamia mtaani kwetu mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba anayetembea haraka kama ameacha kitu jikoni. Siku moja akaja mpaka mlangoni kwangu.

"Hodi, mama. Naambiwa hapa kuna kitabu kuhusu visima vya mtaa wetu."

"Barua unayo?"

"Barua ya nini?"

"Ya kukutambulisha. Hapa si sokoni."

"Mimi ni mwalimu wa shule ile pale. Nataka kuangalia kurasa mbili tatu tu, hata nikiwa nimesimama. Darasani kwangu watoto wana madoa ya kahawia kwenye meno. Wengine miguu inaanza kupinda. Nahisi ni maji, lakini sina ushahidi."

Kitabu kilikuwa nyuma ya kichwa changu, hatua nne. Ningeweza kunyoosha mkono. Lakini utaratibu uliosema tasnifu ni kwa wanachuo na wenye barua uliandikwa kwenye mlango wangu, na kitabu chenyewe kilikuwa cha kijana wangu, sikutaka kishikwe na mikono ya kupita. Basi nikamwambia, "Meno? Waambie wapige mswaki."

Wahudumu wawili waliokuwa wakidekia korido wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Mwalimu alisema tu asante mama, akaondoka. Hata asante ile nimeikumbuka baadaye.

Hakukata tamaa. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama akasema maji ya visima yanawadhuru watoto, na kwamba ushahidi upo, uko chuoni, umefungiwa. Mwenyekiti akauliza umefungiwa na nani. Watu wote wakageuka kuniangalia mimi. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nakumbuka. Nikasimama nikasema, "Jamani, mimi nipo chuoni tangu wengine hamjazaliwa. Kungekuwa na neno tungeambiwa. Na utaratibu ni utaratibu. Alete barua."

Watu wakanipigia makofi. Fundi baiskeli, ambaye hakosi la kusema, akapiga kelele kutoka nyuma, "Mwalimu, na barua iwe na muhuri, huyu hata mumewe alimwandikia barua kabla ya kuingia ndani!" Tulicheka mpaka mkutano ukaharibika.

Mara ya pili Mwalimu alikuja mlangoni kwangu na barua ya mwalimu mkuu isiyo na muhuri. Nikamrudisha. Mara ya tatu ilikuwa na muhuri wa shule, mkubwa, wa zambarau. Nikamwonyesha mlangoni palipoandikwa kwamba barua itoke taasisi ya elimu ya juu. Jua lilikuwa kali siku ile, na nilimwona amechoka, nikampa glasi ya maji. Maji ya chuoni yanakuja kwa bomba. Akayanywa yote, akanirudishia glasi, hakuja tena.

Wakati huo mjukuu wangu wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na ameanza kunywa maji ya kisima namba tisa.

*

Mjukuu huyo tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Sasa ana miaka kumi na moja. Huongea toka anapofungua macho, na akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu meno yake yana mistari ya kahawia kama kikombe cha chai kisichosuguliwa. Magoti yake yamepinda kwa nje. Kukimbia hawezi, na kuna mfereji mmoja njiani kwetu ambao kila mtoto huuruka, yeye lazima ashikwe mkono. Zahanati walisema ni lishe. Tukampa lishe. Wakasema atanyooka akikua. Tukangoja.

Niliona watoto wengine wa mtaani wako vile vile. Nitasema ukweli: kuna siku nilimkumbuka Mwalimu. Nilikuwa nampaka Chiriku mafuta miguuni, mkono wangu ukapita kwenye goti, maneno yake yakanijia. Nikayafukuza kama mtu anavyomfukuza kuku jikoni. Nikajiambia wasomi wangesema. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa darasa wa Chiriku, na kila tulipokutana alinisalimu vizuri, "Shikamoo, Bibi Chiriku," nami nikaitikia marahaba, macho chini. Nilitumaini amenisahau.

Nilistaafu, ufunguo nikaukabidhi. Ikapita miaka minne.

Mwezi uliopita, asubuhi, alikuja nyumbani kijana mmoja mwenye miwani. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda hapo hapo. Akasema yeye ni mkutubi mpya wa chuo.

"Mama, tunakuhitaji. Chumba cha tasnifu kimetushinda. Hakuna namba, daftari limeliwa na mchwa, kila tukitafuta kitabu tunakuta kingine. Wazee wa maktaba wameniambia nisihangaike, siri ya chumba kile unayo wewe."

Nikavimba kidogo, nisidanganye. "Sasa haraka ya nini? Vimekaa miaka yote hiyo."

"Serikali imetoa waraka. Utafiti wowote uliofanywa kwa fedha ya umma, lazima uwe wazi kwa umma. Tunavipiga picha vyote, tunaviweka kwenye mtandao, mtu yeyote asome bure. Na kila kimoja kiwe na muhtasari wa Kiswahili chepesi, upelekwe ofisi ya mtaa. Hakuna barua wala muhuri."

"Mtu yeyote? Hata kama hajasoma?"

"Mama, fedha ilitoka kwa nani? Kwa mwenye nchi. Maji wamechota kwenu, udongo wamechimba kwenu, damu wamepima yenu. Halafu matokeo yanachapishwa kwenye majarida ya ng'ambo, na chuo chenyewe kikitaka kuyasoma kiyanunue. Na nakala iliyobaki hapa tunaifungia ndani. Ni haki hiyo?"

Alisema bila ubaya, alikuwa amechangamka tu. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu.

"Na tumeshapata ombi la kwanza," akasema, "tena la mwalimu wa shule ya msingi. Anataka tasnifu ya visima vya mtaa huu. Ameandika kwamba ameitafuta kwa miaka tisa. Nimeitafuta wiki nzima sijaiona. Unaikumbuka?"

Nikamwambia naikumbuka.

*

Kitasa kilikuwa kinakwama vile vile. Mkutubi alikisukuma kwa bega, mimi nikamwonyesha: unakiinua kwanza, ndipo unakisukuma. Ndani kulikuwa na mashine ya kupigia picha vitabu na meza mbili mpya. Sikutazama huku na huku. Nilinyoosha mkono rafu ya juu, mwanzo kabisa, karibu na dirisha, nikakitoa. Nailoni ilikuwa imepata manjano, lakini ndani kitabu kilikuwa kipya kama siku kilipoletwa.

"Eh! Ulijuaje?" akasema mkutubi. "Umekitunza hiki, mama. Hakuna kingine chenye hali hii."

Akakaa, akafungua katikati, akaanza kunisomea polepole, akitafsiri. Visima ishirini na viwili vilipimwa. Kumi na vinne vina madini yanayoitwa floridi, kupita kiasi anachopaswa kunywa mtoto. Mtoto akiyanywa tangu mdogo, meno ya utu uzima hutoka na madoa yasiyotoka, na mifupa ya miguu inaweza kupinda. Kuchemsha hakusaidii. Watoto wa chini ya miaka minane wapewe maji ya mvua, au ya visima vinne vilivyo upande wa shule, ambavyo ni salama. Kutoka kwetu mpaka shule ni mwendo wa robo saa.

Kulikuwa na jedwali. Mkutubi akashuka nalo kwa kidole, mpaka namba tisa. "Hiki ni cha pili kwa ubaya. Kisima cha nyumba yenye mfuniko wa bati la bluu." Kidole kikabaki hapo hapo. Alikuwa amepita uani kwangu asubuhi ile ile, karibu na lile bati.

Aliinuka akanivutia kiti, nikakaa. Akafungua kurasa za mwanzo, nadhani kwa kutafuta tu la kusema, akapata. "Mama, tazama. Hapa wewe umetajwa."

Ulikuwa ukurasa wa tatu, wa shukrani. Kitabu kizima ni Kiingereza, ukurasa huo peke yake ni Kiswahili. Nikausoma mwenyewe, bila kurukia mawe:

"Namshukuru Mama Funguo wa maktaba, na binti yake aliyenipa kigoda na chai kwenye kisima namba tisa. Majibu haya si mazuri, na mimi nimekatazwa kuyatangaza mpaka yachapishwe ng'ambo. Ndiyo maana naiacha nakala hii mikononi mwake. Watu wa visima watakapokuja kuuliza, najua yeye atawafungulia."

Niliusoma mara mbili. Kila Jumatatu kwa miaka mitano nilikishika kitabu kile. Kurasa tatu tu. Ningefungua kurasa tatu tu.

Mkutubi alisema kosa ni la utaratibu, si langu, sheria ya zamani ilikuwa mbaya. Alitaka kunifariji, Mungu ambariki. Lakini utaratibu uliandikwa mlangoni kwangu neno kwa neno, na neno la mswaki halikuwemo. Lile lilikuwa langu.

Akanichapia muhtasari wa kurasa mbili, akasema ataupeleka pia ofisi ya mtaa. Kisha akaniambia nichukue na kitabu chenyewe, kwa kuwa picha zake angezipiga mchana huo huo na mwalimu amekiomba. "Mpelekee wewe mwenyewe, mama. Si mnakaa mtaa mmoja?"

Aliniona ni mtu wa kupewa furaha hiyo.

*

Niliporudi na kitabu jioni, binti yangu alikuwa barazani kwenye cherehani, anashona sare za shule. Mwanawe wa pili, mdogo wake Chiriku, ana mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amekaa miguuni pake na kikombe cha plastiki, anakunywa. Nilikiondoa kikombe mikononi mwake, nikamwaga. Mtoto akapiga kelele.

"Mama! Vipi tena?"

"Asinywe haya. Asinywe tena hata tone."

Nikakaa kwenye ngazi, nikamweleza yote. Nilianzia kwenye kitabu, nikarudi kwenye barua, nikarudi kwenye mswaki. Sikuacha kitu, isipokuwa ukurasa wa tatu. Mguu wake ulisimama kwenye pedali.

"Mwalimu alikuja kwako lini?"

"Chiriku alikuwa ametoka kuachishwa ziwa."

"Na kitabu kilikuwa wapi?"

"Nyuma ya kichwa changu."

Akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi niliwahi kumuuliza Mungu nilikosea nini nilipokuwa na mimba yake. Nilidhani ni mimi." Akainuka, akaingia ndani, nikasikia anamwaga mtungi mzima.

Chiriku alitokea uani akiuliza nani amemliza mdogo wake. Mama yake akamwambia, "Chukua ndoo ndogo, tunakwenda kisima cha shule." Wakaondoka, yeye na ndoo kubwa kichwani, mtoto mgongoni, Chiriku nyuma yao na magoti yake. Nilinyanyuka niwafuate. Binti yangu akasema bila kugeuka, "Kaa, mama."

Siku nne hakusema nami. Lakini chakula changu alikifunika, na maji yangu ya kuoga aliyapasha kila asubuhi kama kawaida na kuyaweka mlangoni. Nayasema haya kwa sababu angeweza kuacha.

Kesho yake, baada ya ile jioni ya kikombe, nilikipeleka kitabu kwa Mwalimu. Anakaa vyumba viwili nyuma ya shule. Alikuwa anasahihisha madaftari. Niliingia nikakiweka mezani, nikabaki nimesimama.

"Bibi Chiriku, kaa basi."

"Sitaki kukaa. Nimekuja kukwambia mimi ndiye yule wa chuoni. Wa mlangoni."

Akavua miwani. "Kwani ulidhani sikujui?"

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Nikayakumbuka mambo ambayo nilikuwa nimeyaona bila kuyatazama. Chiriku peke yake darasani hukaa kwenye kiti chenye mgongo, karibu na mlango. Wenzake wakisimama kuimba, yeye huambiwa ashike daftari la mahudhurio akiwa amekaa, ili isionekane kwamba amekaa kwa sababu ya miguu. Kila siku ya mvua shule ilikinga maji kwenye mapipa, na Mwalimu aliwajazia watoto chupa warudi nazo nyumbani. Chupa ile Chiriku alikuwa akija nayo, mimi nikiitumia kunyweshea maua.

"Kwa nini hukunisema?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Nilikuona unavyomwangalia yule mtoto akitembea. Nikasema huyu mama ana mzigo wake." Akakishika kitabu, hakukifungua. "Lakini nisikudanganye. Nilikasirika. Barua nilisamehe. Ile ya mswaki ilinikaa hapa." Akajigusa kooni.

Nikamwambia naomba radhi. Ni maneno mafupi, yanatoka kinywani yakiwa yamekauka, na hayajazi hata kikombe.

Akavaa miwani, akafungua. Alipofika ukurasa wa tatu nilijua, maana mkono wake ulitulia. Alisoma, akaniangalia, akasoma tena. "Binti yako ameuona huu?"

"Hapana."

"Jumamosi kuna mkutano wa mtaa. Nimemwomba mwenyekiti. Nilitaka nisome muhtasari mimi. Lakini ulipozungumza wewe ndipo walipoamini, hukumbuki? Walipiga makofi. Nikisoma mimi, nusu yao watasema ni yale yale ya Mwalimu." Alinirudishia kitabu. "Soma wewe. Na huu usome au usisome, hapo sikulazimishi."

*

Ijumaa jioni binti yangu aliniletea chakula, akasimama mlangoni. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Kesho utasimama?"

"Nitasimama."

"Mwalimu kaniambia kuna ukurasa."

Nikainamia sahani. Akangoja kidogo, akaondoka.

Mkutano ulikuwa darasani, asubuhi. Watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga meza. Watoto walijazana madirishani. Chiriku alikuwa ndani, kwenye kile kiti chake cha karibu na mlango, mdogo wake mapajani.

Niliposimama na kitabu, fundi baiskeli akapiga kelele kutoka nyuma, "Mama Funguo! Leo barua unayo?"

Watu wakacheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, hilo sikuliwaza. Miaka tisa, na bado ni mzaha mzuri. Mikono ikaanza kunitetemeka, karatasi ikawa inalia kama jani kavu. Mwalimu alikuwa dawati la mbele. Akainuka, akaja kusimama kando yangu, akaishika karatasi upande wa pili, itulie. Hakuniangalia. Nikasoma.

Nilisoma kuhusu visima ishirini na viwili, na madini, na meno, na mifupa. Nilisoma namba za visima vibaya, na kila namba nikitaja ni kisima cha nani. Kicheko kiliisha kwenye namba mbili. Nilipofika namba tisa nikasema, "Hiki ni changu." Nikasoma kuhusu mvua, na visima vinne vya shule. Karatasi ikaisha. Mwenyekiti akasema tumshukuru Mama kwa kutuletea elimu hii, na mikono ikaanza kupanda kupiga makofi.

Ningeweza kukaa hapo. Binti yangu alikuwa dawati la tatu. Alikuwa haniangalii mimi, alikuwa anakiangalia kitabu.

Nikasema, "Msipige makofi." Nikafungua ukurasa wa tatu, nikausoma wote. Watu wa visima watakapokuja kuuliza, najua yeye atawafungulia. Kisha nikasema kwamba walikuja kuuliza. Alikuja Mwalimu mara tatu, kwa niaba yetu sote, na mimi mara tatu nilimfungia, na mara ya kwanza nilimwambia watoto wapige mswaki, nikacheka. Na hapa mbele yenu nilisema alete barua, mkanipigia makofi. Makofi hayo nayarudisha.

Fundi baiskeli alivua kofia yake, akawa anaikunja na kuikunjua. Mwanawe wa mwisho ana miguu kama ya Chiriku. Mwanamke mmoja ambaye mwanawe alifungwa plasta ngumu miguuni miezi sita bila kupona, aliinuka akatoka nje, dawati likaanguka nyuma yake. Sikuweza hata kuliinua.

Ndipo Chiriku akauliza kutoka kwenye kiti chake, kwa ile sauti yake ya kila siku, "Bibi, Mwalimu alipokuja, mimi nilikuwa nimeshazaliwa?"

"Ulikuwa umeshazaliwa."

"Meno nilikuwa nayo?"

"Yale ya utotoni. Haya ya sasa yalikuwa bado hayajatoka."

Akafikiri. Nilimwona anahesabu. "Kwa hiyo yangetoka meupe."

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Yangetoka meupe."

Hakulia. Alimwinamia mdogo wake, akamfungua mdomo kwa kidole, akachungulia vijino vyake vinane, akaufunga tena taratibu.

Tulirudi nyumbani pamoja. Binti yangu alitangulia na ndoo ya maji ya shule. Chiriku akamfuata, akitembea kwa mwendo wake, na mimi nyuma kabisa na kitabu kwapani. Sikujisogeza karibu. Tulipofika kwenye mfereji, mama yake alikuwa ameshavuka na mikono yake yote miwili iko kwenye ndoo. Chiriku akasimama ukingoni. Alisimama kitambo, akitazama ng'ambo, na mimi nikasimama hatua zangu mbili nyuma.

Kisha akanyoosha mkono kwa nyuma, bila kugeuka, akangoja nije niushike.